Gofu na Kalori: Mwongozo wa Kuipima Raundi Yako na Kuifanya Iwe Mazoezi ya Kweli

Haupiti mwezi bila mtu kuniuliza swali lilelile. Mara nyingi huwa ni mtu wa miaka 40 hadi 60 ambaye ameambiwa kliniki apunguze uzito, magoti yake hayamruhusu tena kucheza mpira wa miguu, na wenzake wa kazini wamemkaribisha kwenye gofu. Anataka kujua kama gofu ni mazoezi yanayochoma kalori, au ni matembezi tu ya watu wenye nafasi. Nafundisha mazoezi ya viungo hapa Dar es Salaam na gofu naicheza mwenyewe, kwa hiyo nimeona ni heri niliandike jibu kamili, hatua kwa hatua, ili anayeuliza apate pa kuanzia.

Jibu ni kwamba gofu huchoma kalori za kutosha kuitwa mazoezi, kwa sharti moja: uizunguke kwa miguu yako. Kupiga mpira kwenyewe hakuchangii sana. Pigo moja halimalizi sekunde 2, na mchezaji anayemaliza mashimo 18, yaani raundi kamili, kwa mapigo 90 atakuwa ametumia chini ya dakika 3 kuzungusha fimbo katika raundi ya saa 4. Muda wote uliobaki ni wa kutembea, kusimama na kusubiri. Kwa hiyo unapotaka kujua raundi yako imekusaidia kiasi gani, hesabu hatua ulizopiga na uziache saa ulizokaa uwanjani.

Kabla ya kuanza

Anza na daktari, hasa ikiwa una presha, sukari, maumivu ya kifua, au umepita miaka 40 bila kufanya mazoezi yoyote. Mwambie wazi kwamba utatembea kilomita 8 hadi 10 kwenye jua, kwa sababu ukimwambia "nacheza gofu" anaweza kukuwazia umekaa kwenye kigari cha kuzungukia uwanja. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari amuulize namna ya kurekebisha dozi na chakula siku ya mchezo, na asiingie uwanjani bila glukosi au kitu kingine chenye sukari mfukoni.

Kisha andaa vitu hivi:

- Viatu ulivyokwisha kuvivaa na kuvizoea, vyenye soli isiyoteleza kwenye majani yenye umande, pamoja na soksi nene.
- Kofia yenye ukingo mpana, shati jepesi lenye ukosi na mafuta ya kukinga jua.
- Chupa ya maji ya lita moja na nusu au zaidi, ambayo utaijaza tena katikati ya raundi.
- Mizani ya nyumbani na utepe wa kupimia kama ule wa fundi cherehani.
- Saa au simu inayohesabu hatua.
- Daftari dogo. Wengi hulidharau, lakini ndilo litakalokuambia ukweli baada ya miezi 3.

Fimbo huhitaji nyingi. Kanuni za gofu huruhusu fimbo zisizozidi 14, na mtu anayeanza anaweza kucheza vizuri kabisa na 7 au 8. Mfuko uliojaa kila kitu unaweza kuzidi kilo 12, na uzito huo huumiza mgongo wa mgeni kabla haujamsaidia kuchoma chochote cha maana.

Kuhusu mahali pa kuchezea, jiji letu lina viwanja viwili vya mashimo 18 vinavyojulikana na kila mchezaji. Kimoja ni cha Gymkhana, katikati ya jiji karibu na bahari, na kingine ni cha Lugalo, ndani ya eneo la Jeshi la Wananchi upande wa Barabara ya Bagamoyo. Ulizia mapema utaratibu wa wageni, mavazi yanayokubalika, na hasa kama siku unayotaka kucheza unaruhusiwa kutembea na kitoroli chako mwenyewe cha kubebea mfuko wa fimbo.

Hatua kwa hatua

1. Pima mwili wako kabla ya raundi ya kwanza.

Pima uzito asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya kunywa chai. Pima pia mzunguko wa tumbo kwenye usawa wa kitovu ukiwa umesimama wima na umetoa pumzi kawaida, wala usilivute tumbo ndani. Andika namba zote mbili na tarehe. Rudia kila baada ya wiki 2, siku ileile na saa ileile.

Nasisitiza kipimo cha tumbo kwa sababu kuna utafiti wa Finland, uliochapishwa mwaka 2000, ambao kila anayetaka kupungua kwa gofu anapaswa kuujua. Wanaume wenye umri wa miaka 48 hadi 64 ambao hawakuwa na mazoea ya mazoezi walicheza gofu kwa miguu mara 2 hadi 3 kwa wiki, kwa muda wa wiki 20. Walipungua wastani wa kilo 1.4 tu, lakini matumbo yao yalipungua sentimita 2.2 na mafuta mazuri ya damu yaliongezeka. Aliyekuwa akitazama mizani pekee angekata tamaa katikati ya safari, ilhali mwili wake ulikuwa unabadilika pale ambapo mafuta yana madhara zaidi.

2. Amua jinsi utakavyouzunguka uwanja.

Hapa ndipo matokeo yako yanapoamuliwa. Una njia nne: kubeba mfuko mwenyewe, kusukuma au kuvuta kitoroli, kutembea na kedi anayekubebea, au kupanda kigari.

Mwaka 2008 mtafiti Neil Wolkodoff wa Denver, jimbo la Colorado, Marekani, aliwapima wachezaji 8 kwenye uwanja wenye vilima kwa kila moja ya njia hizo. Kwa mashimo 9, waliobeba mfuko walitumia kalori 721, waliosukuma kitoroli 718, waliotembea na kedi 613, na waliopanda kigari 411. Wachezaji 8 ni wachache, na viwanja vyetu vya pwani havina vilima vya Colorado, kwa hiyo usizichukue namba hizo kama zako. Chukua mpangilio wake. Kubeba na kusukuma kunakaribiana sana, kedi anapunguza kama asilimia 15, na kigari kinaondoa zaidi ya asilimia 40.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni kitoroli. Unapata karibu faida yote ya kubeba mfuko bila kuulemea mgongo.

Hata hivyo, kwetu kuna jambo la kibinadamu ambalo miongozo ya nje hailigusi. Kedi wa Dar es Salaam anaishi kwa mfuko wako. Ametoka nyumbani alfajiri kwa daladala akitegemea apate mtu wa kumbebea, na wapo wachezaji wazuri wa nchi hii walioanzia hukohuko kwenye ukedi. Sitakushauri umwondolee riziki yake kwa ajili ya asilimia 15 ya kalori. Mchukue, malizana naye malipo kabla ya kuanza, na umweleze lengo lako. Akikuuliza, "Mzee, leo tunatembea au tunapanda?" mjibu kwamba mnatembea, tena kwa haraka, na kwamba akuhimize ukilegea. Kedi mzoefu anajua mwendo wa uwanja kuliko saa yoyote ya mkononi, na ukimpa kazi hiyo kwa heshima ataifanya vizuri.

3. Chagua saa inayofaa kwa jua letu.

Anza saa 12 na nusu asubuhi, au mapema kadiri uwanja unavyoruhusu. Ukianza wakati huo, unamaliza kabla ya saa 5, jua likiwa bado linavumilika. Kati ya Desemba na Machi joto la mchana la Dar es Salaam hupita nyuzi 30, na unyevu wa hewa huzuia jasho kukauka, hivyo mwili unashindwa kujipoza. Msimu rahisi kwa anayeanza ni Juni hadi Agosti. Ukilazimika kucheza jioni, ingia saa 10 na utosheke na mashimo 9.

Usifikiri kwamba jasho jingi ni ishara ya kalori nyingi. Jasho ni maji. Mtu anayesimama kituoni saa 8 mchana mwezi wa Februari analoa shati zima bila kufanya zoezi lolote.

4. Pasha mwili moto kwa dakika 10.

Tembea haraka kwa dakika 5 kuzunguka eneo la mazoezi, kisha zungusha mabega, nyonga na kiuno taratibu. Malizia kwa kuzungusha fimbo mara 10 bila mpira, ukianza kwa nguvu ndogo na kuongeza kidogo kidogo. Usianze na fimbo ndefu kuliko zote ukiwa umetoka garini sasa hivi, maana kiuno cha mtu aliyeketi kwenye foleni ya Mwenge kwa saa nzima bado kimeganda.

5. Tembea kwa mwendo unaostahili kuhesabiwa.

Mwendo unaotakiwa ni ule unaokuruhusu kuzungumza sentensi kamili na mwenzako, lakini hukuruhusu kuimba. Ukiweza kuimba, unatembea taratibu mno. Ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha.

Katika gofu tatizo kubwa ni kusimama. Unatembea mita 150 vizuri, halafu unasimama dakika 4 ukisubiri, mapigo ya moyo yanashuka, na unaanza upya. Huwezi kuondoa kusubiri kote, ila unaweza kukupunguza sana. Elekea kwenye mpira wako moja kwa moja huku ukifikiria fimbo utakayotumia, ili ukifika uwe tayari kupiga. Mpira ukipotea, tangu mwaka 2019 kanuni zinaruhusu dakika 3 za kuutafuta, basi zikiisha endelea na mchezo. Wakati kundi lililo mbele linamalizia kwenye grini (eneo la majani mafupi lenye shimo), tembea huku na huko pembeni badala ya kuketi kwenye benchi. Ukimaliza shimo, nenda kwenye tii inayofuata (mahali pa kuanzia shimo) kwanza na kadi ya matokeo uijaze ukiwa huko.

Anayeanza ana faida moja: kwa kuwa mipira yake huenda kushoto na kulia, hutembea zaidi kuliko bingwa anayekwenda mstari ulionyooka. Kwa hiyo usione haya kwa matokeo yako ya miezi ya mwanzo.

6. Kunywa maji kwa ratiba.

Kunywa glasi moja kila baada ya mashimo 2, hata kama kiu haijaja. Kwa mashimo 18 hiyo ni kama lita 2 na robo, kiasi kinachowatosha watu wengi asubuhi ya kawaida. Siku ya joto kali jipime kabla na baada ya raundi. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya maji unayodaiwa na mwili wako, na raundi ijayo uongeze. Ukijikuta umeongezeka uzito, umekunywa kupita kiasi, na hilo nalo lina hatari yake. Dafu la mapumziko ya shimo la 9 linafaa, ila si mbadala wa maji. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo afuate kiasi alichopewa na daktari wake, si ratiba hii.

7. Piga hesabu ya raundi yako.

Wataalamu hutumia kipimo kiitwacho meti kueleza uzito wa kazi ya mwili. Kukaa kimya ni meti 1. Katika orodha ya meti ya mwaka 2011, iliyotumiwa na watafiti wengi duniani, gofu ya kubeba mfuko ni meti 4.3, ya kuvuta kitoroli 5.3, ya kigari 3.5, na kupiga mipira kwenye uwanja wa mazoezi ni 3.0. Shughuli zote za kati ya meti 3 na 6 huitwa mazoezi ya nguvu ya wastani.

Hesabu yenyewe ni hii: chukua meti, toa 1, zidisha kwa uzito wako wa kilo, kisha zidisha kwa saa. Ile 1 tunaitoa kwa sababu mwili wako ungezitumia kalori hizo hata kama ungebaki nyumbani umelala kwenye mkeka.

Kwa mtu wa kilo 80 anayecheza saa 4:

- Akibeba mfuko: 3.3 × 80 × 4 = kalori 1,056.
- Akivuta kitoroli: 4.3 × 80 × 4 = kalori 1,376 kwa orodha, ingawa vipimo vya Denver viliiweka karibu sawa na ya kubeba.
- Akitembea na kedi: punguza asilimia 15 kwenye ile ya kubeba, utapata kama 900.
- Akipanda kigari: 2.5 × 80 × 4 = kalori 800 kwa orodha, lakini vipimo vya Denver vinaonyesha kwamba namba hiyo ni ya ukarimu. Mimi nawaambia watu waandike 600.
- Akipiga mipira ya mazoezi kwa saa moja: 2 × 80 × 1 = kalori 160.

Usihesabu zaidi ya saa 4 hata kama raundi imechukua saa 5 na nusu. Saa hiyo ya ziada ulikuwa umesimama.

Sasa linganisha na mazoezi mengine. Mtu huyohuyo akikimbia kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, ambao ni meti 8.3, atatumia kalori 584 kwa saa moja. Gofu ya kubeba mfuko inampa 264 kwa saa. Mwenye nusu saa tu kwa siku na magoti mazima, mbio zitamfaa zaidi, na sitaki mtu adanganywe kwa hilo. Nguvu ya gofu ni urefu wake: ni watu wachache sana wa miaka 55 wanaoweza kukimbia saa 2 mfululizo, lakini wengi wanaweza kutembea uwanjani saa 4 na wiki ijayo wakarudi kwa hiari yao.

8. Linda hesabu yako mezani.

Hapa ndipo kalori nyingi zinaporudi zilikotoka. Chupa ya bia ya mililita 500 ina takriban kalori 200. Soda ya mililita 350 ina kama 140. Sahani ya chipsi mayai inaweza kuvuka 800 kwa sababu ya mafuta iliyokaangiwa. Bia 2 na chipsi mayai ni 1,200, yaani umeirudisha raundi nzima uliyobeba mfuko na umevuka, tena ndani ya dakika 40 za maongezi.

Rudi kwenye wale wanaume wa Finland. Kwa makadirio yangu, raundi 2 na nusu kwa wiki kwa wiki 20, kila moja ikichoma kama kalori 1,000, ni kalori 50,000. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina karibu kalori 7,700, hivyo kwenye karatasi walipaswa kupungua zaidi ya kilo 6. Walipungua kilo 1.4. Pengo kama hilo linaonekana karibu katika kila zoezi, si gofu peke yake: mtu akichoka hula zaidi na hupumzika zaidi siku nzima iliyobaki, bila kukusudia.

Kwa hiyo panga chakula chako kabla ya kutoka nyumbani. Kula kifungua kinywa cha kawaida, labda uji na yai au mihogo ya kuchemsha. Beba ndizi mbivu moja au mbili kwa ajili ya katikati ya raundi, kila moja ikiwa na kalori kama 100. Ukimaliza, kunywa maji kwanza, subiri dakika 15, ndipo uagize. Samaki wa kuchoma na kachumbari, na ugali wa kiasi, vinatosha. Maongezi ya baada ya mchezo ni sehemu ya gofu, nami siwezi kukunyima. Kaa na wenzako, ila uamue idadi ya glasi kabla hujaketi.

9. Jaza siku zilizobaki.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli kwa siku 2 au zaidi. Raundi moja ya kilomita 8 kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa ni dakika 96 za kutembea kwenyewe. Kwa hiyo raundi moja ya Jumamosi haifikishi wiki, ingawa inaibeba kwa zaidi ya nusu.

Ongeza siku 2 za kutembea haraka kwa nusu saa. Wakaao Masaki, Oysterbay na Kinondoni wana ufukwe wa Coco na Daraja la Tanzanite, ambako asubuhi utakuta watu wengi wanafanya hivyohivyo. Anayetumia mwendokasi ashuke vituo 2 kabla ya kwake. Kwa misuli, fanya siku 2 za kuketi na kusimama kwenye kiti mara 15, kujisukuma ukutani mara 15, na kusimama kwa mguu mmoja nusu dakika kila upande, ukirudia mizunguko 3. Mazoezi haya ya miguu na kiuno yatakusaidia pia kusimama imara unapopiga mpira.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

La kwanza ni kujipima mara tu baada ya raundi na kufurahia kilo iliyopotea. Niliwahi kulifanya mwenyewe nilipokuwa naanza, nikaitangaza kilo hiyo nyumbani kwa furaha, na jioni baada ya kunywa maji mizani ikarudi palepale. Ile ilikuwa maji.

La pili ni kuhesabu uwanja wa mazoezi kama gofu kamili. Kupiga ndoo 2 za mipira kunajenga ustadi, ila umesimama sehemu moja.

La tatu ni hatari zaidi: kubaki uwanjani wakati wa radi. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba huleta ngurumo za ghafla. Ukisikia ngurumo, acha fimbo, usijikinge chini ya mti, na uingie ndani ya jengo au gari lililofungwa. Subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Mashindano au siku ya kuzaliwa ya bosi si sababu ya kuendelea.

Matatizo na ufumbuzi wake

Uzito haushuki baada ya wiki 6. Tazama kwanza kipimo cha tumbo. Kama kimeshuka, endelea. Kama hakijashuka, andika kwa wiki moja kila unachokula na kunywa siku ya gofu na siku inayofuata. Kwa wengi niliowasaidia, jibu lilikuwa kwenye vinywaji.

Saa ya mkononi inasema nimechoma kalori 2,000. Saa nyingi hupandisha namba, hasa kwenye joto, kwa sababu moyo hupiga haraka ili kuupoza mwili hata kazi ikiwa ndogo. Tumia saa kwa kuhesabu hatua, na kalori uzikadirie kwa hesabu iliyo kwenye namba 7 hapo juu. Raundi ya mashimo 18 kwa miguu kwa kawaida hupita hatua 11,000. Ukiona 6,000, ulisimama au ulipanda mno.

Mgongo au bega moja linauma. Acha kubeba mfuko kwa wiki 3 na utumie kitoroli cha kusukuma. Ukirudi kubeba, tumia mikanda ya mabega yote mawili na upunguze fimbo hadi 7. Maumivu yanayoshuka mguuni au yanayoleta ganzi yanahitaji daktari.

Nyayo zinatoka malengelenge. Mara nyingi ni soksi zilizolowa umande. Beba jozi ya pili na ubadilishe kwenye shimo la 9.

Napata kizunguzungu au kichefuchefu katikati ya raundi. Acha kucheza hapohapo. Nenda kivulini, lowesha kichwa na shingo kwa maji, kunywa kwa mafunda madogo, na umwambie kedi au mwenzako asikuache peke yako. Mwenye kisukari apime au ale sukari mara moja. Mtu akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, akizirai, au akibanwa na kifua, apelekwe hospitali bila kusubiri, na wakati usafiri unatafutwa aendelee kupozwa kwa maji.

Mashimo 18 yananishinda. Cheza 9 kwa miguu, na uongeze mashimo 3 kila baada ya wiki 2. Tisa za kutembea ni bora kwako kuliko 18 za kigari.

Kundi langu lote linapanda vigari na naona haya kutembea peke yangu. Weka mfuko wako kwenye kigari cha mwenzako na wewe utembee. Kwa kuwa wachezaji wanne wa kundi hawapigi kwa mara moja, mtembeaji mwepesi hufika kwenye mpira wake kabla zamu yake haijafika, hasa kwenye viwanja tambarare kama vya hapa. Waambie kabla ya tii ya kwanza kwamba ni agizo la daktari. Uwanja ukiwa na mwendo mrefu kati ya grini na tii, panda hapo tu ili usiwacheleweshe, kisha ushuke.